Ukifumba macho ukaambiwa "fikiria embe", unaona nini hasa?

Mwl_Ngamiani:

Wanajamvi, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, maana nimekaa na jambo hili tangu mwezi wa tatu na sijapata pa kulitua.

Nafundisha Kiswahili sekondari, hapa Tanga, huu mwaka wa kumi na moja. Kila nikifika kwenye ushairi Kidato cha Tatu naandika ubaoni: taswira ni picha inayojengeka akilini mwa msomaji. Wanafunzi wananakili, natoa mifano miwili mitatu, tunasonga mbele. Mwaka huu binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo picha inakuwa na rangi?"

Nikamjibu kwamba ile ni namna ya kusema tu, hakuna picha yenyewe. Darasa zima likaguna. "Mwalimu, ipo!" Nikawaambia haya, fumbeni macho, fikirieni embe, kisha kila mtu aseme anachoona. Mmoja akasema lake ni la manjano na lina doa jeusi karibu na kikonyo. Mwingine akasema lake linakuja na kupotea kama limefunikwa ukungu. Kijana mmoja yeye alikuwa anaona mpaka mkono unaolishika, na ule mkono ni wa bibi yake. Yule binti aliyeuliza akasema haoni kitu, ni giza tu, na ndiyo maana aliuliza.

Nikabaki nimeshika chaki. Mimi pia ni giza tu. Maisha yangu yote ni giza tu, na miaka kumi na moja nimefundisha taswira nikiamini kila mtu yuko hivyo, kwamba "piga picha" ni msemo kama "moyo umevunjika."

Jioni nikapita karakana kwa kaka yangu, seremala. Nikamuuliza kabla hujatengeneza kabati unaliona? Akaacha randa akanitazama. "Kwani wewe huoni?" Akanieleza kwamba kabati analiona lote kabla hajagusa ubao. Analizungusha, anafungua milango, anavuta droo, na kama droo itagonga bawaba anaiona inagonga, basi anabadili kipimo. Akasema: "Mbao huwa naikata mara ya pili. Mara ya kwanza nimeshaikata humu," akagonga kichwa kwa kidole. Tumelelewa nyumba moja, tumekula sinia moja, tumelala chumba kimoja mpaka nikavunja ungo, na hatukuwahi kujua kwamba ndani ya vichwa vyetu hatufanani hata kidogo.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Mama alifariki mwaka 2016. Kwenye arobaini yake dada zangu walikuwa wanasema, "Nikifumba macho namwona mama, kavaa ile khanga yake ya zambarau." Mimi nilifumba macho nikaona giza. Nilifikiri wenzangu wanazungumza kwa mapenzi tu, lakini usiku nilikuwa najilaumu. Nilijiambia pengine sikumpenda mama vya kutosha, ndiyo maana hata sura yake imeniponyoka kabla hata kaburi halijakauka. Nimeishi na hatia hiyo miaka yote hii. Sikumwambia mtu.

Basi baada ya lile somo nikaanza kusoma. Kumbe jambo hili lina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton alichapisha matokeo ya maswali aliyowapelekea watu. Aliwaambia waikumbuke meza ya chakula walichokula asubuhi ile, kisha waeleze: picha ina mwanga au ni hafifu, vitu vinaonekana vizuri au vimefifia, rangi zipo au hazipo? Alianza na wanasayansi wenzake. Kwa mshangao wake, wengi wao walimjibu kwamba hawajui anazungumzia nini, na kwamba yeye ndiye anayeyapa maneno uzito yasiyokuwa nao. Niliposoma hapo nilijiona mwenyewe pale ubaoni.

Baada ya Galton jambo likalala kwa zaidi ya karne. Mwaka 2010 Adam Zeman, daktari wa mishipa ya fahamu wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, akaandika pamoja na wenzake kuhusu mgonjwa waliyemwita MX. Huyu alikuwa mzee wa miaka 65 aliyekuwa na picha kali sana kichwani, akipenda kulala huku akiwapitia ndugu na marafiki mmoja mmoja. Baada ya kutibiwa mishipa ya moyo zile picha zikazimika. Habari yake ilipotoka kwenye jarida, watu 21 wakamwandikia Zeman kwamba wao wako hivyo tangu kuzaliwa. Mwaka 2015 akaipa hali hiyo jina la afantasia, kutokana na neno la mwanafalsafa wa Kigiriki Aristotle, phantasia, yaani uwezo wa kuona picha akilini. Wenye picha kali kupita kiasi, kama yule kijana wa mkono wa bibi, wako upande wa pili, haipafantasia. Makadirio yanasema wasioona kabisa ni kama mtu 1 kati ya 100, wengine wanafika hata 4 kati ya 100 ukiwahesabu wenye picha hafifu mno. Si ugonjwa. Wengi wetu hata ndoto tunaota kwa picha. Mimi ndotoni mama nimemwona mara mbili, na nikiamka hayupo.

Kwa hiyo wakuu naomba kila mtu aseme ukweli wake. Ukifumba macho, unaona nini?

Bahari_Kuu:

Mwalimu, pole kwa mama, Mungu amrehemu. Lakini niulize kwa heshima: tunajuaje kwamba si maneno tu? Mmoja anasema naona, mwingine anasema sioni, na labda wote wana kitu kilekile ila wanakieleza tofauti. Mimi nikifikiria embe "naona", lakini siyo kama ninavyoona hii simu.

Mwl_Ngamiani:

Ahsante ndugu, hata mimi hilo lilinisumbua. Kuna jaribio nililipenda sana. Mboni ya jicho husinyaa kwenye mwanga na kupanuka gizani, na kwa kawaida mtu hawezi kuiamrisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney, waliwaonyesha watu maumbo yenye mwanga mkali na mengine hafifu, kisha wakayaondoa na kuwaambia wayafikirie tu. Kwa watu wenye picha kichwani mboni zilisinyaa walipofikiria umbo lenye mwanga, ingawa mbele yao hapakuwa na mwanga wowote. Kwa wenye afantasia mboni hazikutofautisha kali na hafifu. Na si kwamba walikuwa wavivu wa kujaribu: walipoambiwa wafikirie maumbo manne badala ya moja, mboni zao zilipanuka, kama mboni zinavyopanuka mtu akifanya kazi ngumu ya kichwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022.

Mwaka mmoja kabla, maabara ileile ilikuwa imewasomesha watu hadithi za kutisha wakiwa chumba cha giza, za papa anayekufukuza au ndege inayokaribia kuanguka, huku wakipima unyevu wa ngozi. Wenye picha walianza kutoka jasho. Wenzangu ngozi zao zilitulia. Walipoonyeshwa picha halisi za kutisha, wote walishtuka sawa.

Jambo hilo limenifumbua kitu kuhusu kazi yangu. Nikisoma riwaya, mandhari ndefu naziruka. Mtunzi anieleze machweo kwa kurasa mbili, mimi nataka kujua nani kasema nini. Nilidhani ni papara yangu.

Khitma_Pemba:

Assalaam alaykum. Mwalimu umenikumbusha chuoni. Nilihifadhi Qur'ani kwa msahafu mmoja tu, ustadhi alitukataza kubadilisha chapa. Mpaka leo nikisoma kwa moyo nauona ukurasa: aya hii iko juu kulia, ile inaishia mstari wa mwisho na unageuza. Nilipowahi kutumia msahafu wa chapa nyingine nilikuwa kama mtu aliyehamishiwa nyumba usiku, nagonga kuta.

Mwenzangu tuliyekuwa tukisomeshana naye hakuwa na habari na ukurasa kabisa. Yeye alikuwa anafuata sauti. Ukimkatisha katikati hawezi kuendelea alipoachia, lazima arudi nyuma aya mbili tatu ili sauti imbebe. Ustadhi alikuwa anamgombeza kwa hilo, akidhani hajashika. Alikuwa ameshika kuliko mimi. Leo yeye ndiye anayeswalisha tarawehe kwao.

Mwl_Ngamiani:

Wa alaykum salaam. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Ni mimi huyo mwenzako! Tenzi nazishika kwa mizani. Nikisahau neno, najua kwanza lina silabi ngapi na linaishia na vina gani, halafu lenyewe linakuja.

Na picha nyingi nazo si raha tupu. Mwanasaikolojia Alexander Luria wa Moscow alimchunguza kwa miaka mingi mwandishi wa habari aitwaye Solomon Shereshevsky, kuanzia miaka ya 1920. Huyu alikuwa anakumbuka orodha ndefu za maneno na tarakimu hata baada ya miaka, kwa sababu kila neno lilimletea picha na alizipanga zile picha kando ya barabara anayoijua, kisha akapita akizisoma. Lakini mpe hadithi ya kawaida, anazama. Kila neno linatoa picha yake, picha zinagongana, maana inapotea. Nyuso zilimtatiza pia, maana uso wa mtu hubadilika kila dakika, na yeye aliona kila badiliko.

Mgeni_Kigoma:

Umetaja nyuso, nami nisipoandika leo sitaandika tena.

Mimi siwajui watu kwa nyuso. Macho yangu ni mazima, nimepimwa. Naona pua, naona mdomo, lakini vikikaa pamoja havinipi mtu. Namjua mtu kwa mwendo, sauti, nguo, mahali ninapomkuta. Mke wangu namjua kwa mlio wa ndala zake. Akisuka nywele upya nikamkuta stendi, lazima asubiri mpaka nisikie sauti.

Mnajua kwetu kutosalimia ni nini. Mwaka niliooa nilimpita mama mkwe sokoni nikiwa nimebeba kikapu, ananitazama, mimi huyo napita. Kikao kiliitwa. Nikaambiwa nina dharau, nimepata kazi nimeota mapembe. Nilipiga magoti nikaomba radhi kwa kosa ambalo sikulijua. Ningesema nini? Kwamba sikumtambua mama aliyeniozesha binti yake miezi mitatu iliyopita? Nani angeamini?

Tangu hapo nawasalimia watu wote njiani, kila mmoja, shikamoo na habari zako. Mtaani wananisifu kwa adabu.

Mwl_Ngamiani:

Ndugu yangu, pole sana, na ahsante kwa kuandika. Hali yako inajulikana na ina jina, prosopagnosia, na wengine huzaliwa nayo. Oliver Sacks, daktari maarufu wa ubongo, alikuwa nayo maisha yake yote. Na kwa kuwa uko Kigoma, hili litakugusa: Jane Goodall, yule mama aliyefika Gombe mwaka 1960 kuwachunguza sokwe, naye alisema wazi kwamba nyuso za watu zilimpa shida namna hiyohiyo. Na kazi iliyompa jina duniani ilikuwa ya kumtofautisha sokwe mmoja na mwingine.

Kama mama mkwe yu hai, mwambie. Hata sasa. Mpelekee maneno haya umsomee.

BintiLikoni:

Haya, mimi nauliza la sauti. Mimi humu ndani naongea kutwa. Nikifua naongea, nikisubiri feri naongea, najijibu, najigombeza. Mume wangu nimemuuliza leo unajisemea nini kichwani, ananiambia hakuna maneno. Hakuna maneno vipi? Sasa anafikiri na nini?

Mwl_Ngamiani:

Dada, mumeo hajakudanganya. Mwanasaikolojia Russell Hurlburt wa Las Vegas tangu miaka ya 1970 amekuwa akiwapa watu kifaa kidogo kinacholia ghafla mara chache kwa siku. Kikilia unaandika palepale kilichokuwa kichwani mwako sekunde ile. Amekuta mambo matano makubwa: maneno ya ndani, picha, hisia, kuzama katika kitu unachokiona au kukigusa, na la tano ndilo la mumeo, wazo lisilo na neno wala picha. Mtu anajua tu anachokifikiria. Wapo ambao kifaa kimelia siku nzima na hakikukuta neno hata moja, na wapo kama wewe. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba watu wengi wanaojiapiza kuwa wanajisemea muda wote, kifaa kikilia hawakutwi na maneno. Hata sisi wenyewe hatujijui vizuri.

Fundi_Simu:

Sasa mwalimu, katika hawa wote mwenye akili zaidi nani? Maana kama huoni picha huwezi kuwa mhandisi wala mchoraji.

Mwl_Ngamiani:

Ndivyo nilivyodhani mimi, na sivyo. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, studio ya filamu za katuni za kompyuta, haoni picha kichwani. Aliwauliza wenzake wa Pixar 540, akakuta baadhi ya wachoraji wakubwa nao hawaoni. Mmoja wa wachoraji wanaoheshimika sana waliowahi kufanya kazi Disney, Glen Keane, ni hivyohivyo: hana picha ya kunakili, anachora mistari mingi, anatafuta, karatasi ndiyo inayomwonyesha. Na waliokuwa na picha kali kuliko wachoraji walikuwa mameneja wa uzalishaji!

Uniulize madirisha ya nyumba yetu mangapi, nitakujibu tisa bila kosa. Siyaoni. Najua yalipo, kama unavyojua swichi ilipo gizani. Kaka yangu atayaona moja moja na atajibu tisa vilevile.

JaBondo:

Mimi nitoke nje kidogo ya picha. Neno "akili" lenyewe ndilo tatizo. Kwetu Siaya, kwa Kijaluo, hatuna moja. Kuna *rieko*, hii ya kujua na kuwa na ujuzi, na ya shule imo humo. Kuna *luoro*, heshima, kujua mahali pako na mahali pa mwenzako. Kuna *winjo*, kuelewa, kushika jambo la maisha lilivyo na kulikabili. Na *paro*, kufikiria mbele na kuanza jambo bila kusukumwa. Mtoto akiwa na rieko peke yake, wazee hawasemi ana akili. Wanatikisa kichwa.

Mwl_Ngamiani:

JaBondo, ahsante sana! Maneno hayo manne niliyakuta kwenye utafiti wa mwaka 2001 uliofanywa hukohuko kwenu na Elena Grigorenko, Robert Sternberg na wenzao. Na wa pili uliotoka mwaka huohuo ndio ulioniweka macho usiku kucha. Waliwapima watoto 85 wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria, wenye miaka 12 hadi 15. Waliwauliza kuhusu dawa za mitishamba: ni ya ugonjwa gani, inatumiwaje, kipimo gani. Watoto wale wanaugua malaria na minyoo mara kwa mara, na wanajitibu wenyewe. Kisha wakawapa na mitihani ya kawaida ya akili na msamiati wa Kiingereza.

Waliojua dawa zaidi ndio walioelekea kufanya vibaya zaidi kwenye ile mitihani, hasa ya msamiati. Watafiti walieleza kwamba wazazi wengine huwekeza kwenye shule na wengine kwenye ujuzi wa kijijini, na mtoto hafuati njia zote mbili. Mimi nasahihisha mitihani kila muhula. Naandika "dhaifu" kwa kalamu nyekundu. Sasa kila nikiandika neno hilo mkono unakuwa mzito, na sitaki uwe mwepesi tena.

Niwape na hiki, kifupi. Miaka ya 1960 na 1970 watafiti wa Kimarekani walikuwa Liberia kwa wakulima wa kabila la Kpelle. Wakawapa vitu ishirini vya nyumbani wavipange makundi. Wazungu walitaka vyakula huku, zana huku. Wakulima wakaweka kisu na chungwa, jembe na kiazi, wakasema mtu mwenye hekima hupanga hivi, kwa sababu kisu hukata chungwa na jembe hulima kiazi. Watafiti wamechoka, mmoja akauliza: mpumbavu angepangaje? Palepale vyakula vikaenda huku na zana huku, bila kosa.

Khitma_Pemba:

Subhanallah. Kwa hiyo uwezo ulikuwepo wakati wote.

Mwl_Ngamiani:

Ulikuwepo. Swali ndilo lilikuwa limekosewa.

Wakuu, naona uzi umefika mbali, naenda kupika, ila niwape ya nyumbani kwanza.

Jumamosi nilirudi karakana nikamweleza kaka kila kitu, mpaka lile la hatia yangu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema yeye anamwona mama hata sasa, mchana kweupe, amekaa kwenye kibao cha mbuzi uani anakuna nazi, mguu mmoja ameukunja. Lakini hakumbuki alikuwa anasema nini. Hata neno moja. Picha yake haina sauti, na hilo linamuuma yeye, kwa miaka yote hii naye hakuwahi kumwambia mtu.

Mimi maneno yote ya mama ninayo. "We mwana, funga mlango, mbu wanaingia." "Nazi haikunwi kwa hasira." Namna alivyokuwa anavuta neno "jamani" akichoka. Nikamsemea palepale, kwa sauti ileile, na kaka akaweka patasi chini.

Kisha yeye akaanza kunieleza anachoona, nami nikawa naandika kwenye daftari la maandalio ya somo. Khanga ilikuwa na doa la masizi kwenye pindo. Kovu la kuungua lilikuwa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Mimi nilikuwa najua kovu lipo lakini sikujua umbo lake, na kaka anasema linafanana na jani la mkunazi. Zimefika kurasa tatu. Kesho baada ya kipindi cha mwisho naenda tena, nataka anieleze viganja.